Sehemu ya Diski Niliyodhani Tupu

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, baridi ya Mbozi ikiuma masikio, nilipofika kijiji kimoja cha kata ya Hasamba nikiwa na mkoba wa CD begani na kichwa kilichovimba kuliko mkoba wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nakueleza habari hiyo leo kwa sababu jana ulinipigia simu kwa furaha, ukasema Jumatatu unakwenda Msangano kufunga mfumo wa seva kwenye kompyuta ya shule, kompyuta ambayo tayari ina mifumo miwili ndani yake. Uliniuliza kama nina neno la kukuambia. Ninalo, ila ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Wakati ule hatukuwa na mkoa wetu wa Songwe, tulikuwa bado chini ya Mbeya. Tunduma ilikuwa ni barabara moja ya lami iliyojaa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na wachuuzi wakiwaamkia akina mama wa ng'ambo kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo! Karibu uone." Mimi nilikuwa na chumba changu cha kompyuta nyuma ya duka la vipuri. Kompyuta zenyewe ungeziona ungecheka. Vioo vyake vilikuwa vizito, kimoja kilibebwa na watu wawili, na kila jioni tulivifunika kwa vitambaa vya kufuma ili vumbi lisiingie. Hakuna aliyekanyaga chumbani kwangu bila kuvua viatu mlangoni. Siku hizi nawaona mnakula chipsi juu ya kibodi, nanyamaza tu.

Nazipenda siku zile, sikufichi. Nilikuwa binti wa Kindali kutoka milima ya Ileje, nimejifunza kufunga mifumo kwa vitabu vilivyochakaa na kwa kuharibu mashine zangu mwenyewe mara nyingi, na hapakuwa na msichana mwingine wa kazi ile kuanzia mpakani hadi Vwawa. Watu waliniita Fundi Tuse. Nikipita sokoni nikisikia "Fundi Tuse huyo," nilitembea wima zaidi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba binti yake anazifufua zilizokufa. Nilianza kuamini maneno ya mama.

Waliokuwa wameniita Hasamba ni chama kidogo cha wakulima wa kahawa. Walikuwa wamepata kompyuta nne za mitumba, na katibu wao alitaka moja iwe seva, yaani iwe mama wa nyingine, itunze mafaili ya wote mahali pamoja na kuziwezesha zote kutumia printa moja. Mashine iliyokuwa na nguvu ya kazi hiyo ilikuwa moja tu. Ukiiwasha, kabla haijaamka vizuri ilikuletea orodha ya majina mawili uchague: mfumo wa kawaida ambao kila mtu ofisini aliujua, na chini yake mfumo mwingine wa bure, wenye jina nisilolizoea. Mimi nilitakiwa kuongeza wa tatu.

Nilimuuliza katibu, "Huu wa pili ni wa nani?"

"Aa, hayo ni mabaki ya yule mwalimu wa kujitolea," alisema. "Alishahama. Sisi hatuutumii."

Basi nikaingia kwenye mfumo wa kawaida, nikafungua mahali panapoonyesha diski ilivyogawanywa. Sehemu ya kwanza ilikuwa na jina na mafaili ya ofisi. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, lakini haikuwa na jina wala herufi ya kuitambulisha, na mashine haikuweza kuifungua. Imeandikwa tu kwamba haijulikani. Nikajisemea, nafasi ndiyo hii, ya bure kabisa.

Nikiwa naitoa CD ya seva kwenye mkoba, mlangoni pakabishwa hodi. Aliingia mzee mmoja mrefu mwenye koti la sufu, ameshavua viatu na kuvishika mkononi kwa heshima ya chumba, kofia yake kwapani. Alikuwa Mzee Haonga, mwalimu mstaafu wa pale kijijini. Nilimjua kwa sura tu.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia bila kusimama. Hilo peke yake lilikuwa kosa.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, baba."

"Huko kwenu Ileje hawajambo?"

"Hawajambo."

"Baba yuko na nguvu? Na mama? Na mahindi yenu huko yameivaje mwaka huu?"

Wewe umelelewa mjini, mwanangu, labda hulijui hili vizuri. Milimani kwetu, na Mbozi vilevile, salamu ni njia ndefu. Mtu anaanzia kwa wazazi wako, anapita shambani, anafika kwa ng'ombe, anauliza mvua, na jambo lililomleta analitoa mwisho kabisa, polepole, baada ya kuona umetulia. Ukimkatiza katikati, jambo lake anarudi nalo nyumbani. Mimi nilizaliwa ndani ya desturi hiyo, ila miaka mitano ya Tunduma ilikuwa imenifundisha haraka ya watu wa mpakani, ambapo lori likianza kutembea mazungumzo yamekwisha.

"Mzee, wote wazima kabisa," nilimwambia, macho kwenye kioo. "Niwie radhi, nina haraka. Gari langu linarudi saa tisa."

Alisema, "Haya, mwanangu. Fanya kazi. Nitapita baadaye." Akatoka, nikamwona kupitia dirishani akivaa viatu taratibu, amejishika ukutani.

Nikaendelea. Ule mfumo wa seva ulikuwa wa zamani, unakuja na kioo cha bluu na maandishi meupe, na kila kitu unakifanya kwa kibodi. Uliniorodheshea sehemu za diski. Nilishuka mpaka ile isiyojulikana, nikabonyeza herufi ya kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, ikanionya kwamba vyote vilivyomo vitapotea, ikanitaka nibonyeze herufi nyingine ili kuthibitisha. Wenye akili waliweka kituo pale ili mtu apumue. Mimi sikupumua. Nilibonyeza kama mtu anayefukuza nzi, nikatengeneza sehemu mpya palepale, nikaifomati ianze upya, na mafaili ya seva yakaanza kujinakili.

Saa saba na nusu kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nilikuwa nimeipa seva jina, nimeipa kila mashine anwani yake, nimefungua folda ya pamoja, na kompyuta zote nne zilikuwa zinaonana. Katibu alituma barua kutoka meza ya pembeni ikachapwa kwenye printa ya meza yangu, akapiga makofi. Sasa orodha ya kuwashia ilionyesha mfumo wa kawaida na seva. Nilijiona bingwa wa nchi mbili.

Mzee Haonga alirudi nikiwa nafunga mkoba. Safari hii hakuanza na mahindi. Aliitazama ile orodha kwenye kioo, akainama karibu, akanyoosha kidole bila kugusa.

"Mwanangu, ile ya kwangu iko wapi?"

Nilimuuliza, "Ya kwako ipi, baba?" ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Alivuta kiti, akanieleza. Kwa miaka sita alikuwa akizunguka kwa wazee wa vijiji vile, akiandika ushuhuda wa mipaka ya mashamba: nani alilima wapi, mpaka unapita kwenye jiwe gani, kijito gani, mti gani. Mzee akishasema, anasomewa, anaweka dole gumba kwenye karatasi, na karatasi inabaki kwa familia. Nakala Mzee Haonga aliichapa kwenye mashine ile kila Alhamisi, siku ambayo katibu huenda Vwawa. Yule mwalimu wa kujitolea alikuwa amemfungia mfumo wake peke yake, makusudi, ili wanaogombania mashamba wakija ofisini wasiweze kufungua wala kubadilisha neno. Kutoka kwenye mfumo wa kawaida hata kuonekana haukuonekana. Kilichonidanganya ndicho kilichokuwa kimewekwa kuwalinda watu.

"Wengi wana karatasi zao," alisema. "Mama Edina hana."

Mama Edina alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, ndugu walijaa nyumbani siku za msiba, na msiba ulipokwisha karatasi haikuonekana tena. Shemeji yake alikuwa anadai shamba lote la kahawa. Jirani pekee aliyeshuhudia shamba hilo likigawanywa, Mzee Nzunda, alikuwa amezikwa tangu mwaka uliotangulia. Maneno yake yalibaki mahali pamoja tu duniani, na baraza la kata lilikuwa linakaa wiki iliyofuata.

Katibu alinivuta pembeni. "Sema umeme ulikatika," alininong'oneza. "Hawa wazee hawatajua." Nitakuambia kweli, mwanangu, nilitamani. Ulimi ulishaandaa maneno. Lakini nilimwona yule mzee amekaa, hana viatu miguuni, soksi moja ina kiraka kilichoshonwa vizuri sana, nikashindwa.

"Nimeifuta mimi, baba," nilisema. "Nilidhani ni tupu."

Hakupandisha sauti. Angenigombeza ningepona haraka. "Asubuhi nilikuja kukuambia," alisema. "Ulikuwa umebakiza kunijibu habari za mahindi. Baada ya mahindi ningekuambia."

Sikupanda lile gari la saa tisa. Nilizima mashine ile isiandike kitu zaidi, maana hilo angalau nililijua, nikaichomoa diski, nikaifunga kwenye kanga yangu. Kesho yake asubuhi niliondoka nayo kwenda Tunduma, na Mzee Haonga akaondoka nami. Alifikia kwa mpwa wake, na kila kulipokucha alikuwa mlangoni kwangu, anavua viatu.

Diski ikifomatiwa harakaharaka, si kila kitu kinafutika papo hapo. Yale mafaili ya seva yalikuwa yamekanyaga sehemu moja, lakini kwingine maandishi ya zamani yalikuwa bado yamelala. Niliifunga ile diski kwenye mashine nyingine, nikatumia programu ya kuchimbua vilivyofutwa. Vilikuja vipande vipande, bila majina, vingine mstari mmoja, vingine kurasa mbili zimechanganyika na takataka. Nilichapa vyote. Siku tatu tulikaa chini sakafuni, mimi na mzee, karatasi zimetuzunguka.

Siku zile tatu nazikumbuka kuliko miaka mizima ya kazi yangu. Mzee aliinua kipande, akasoma mistari miwili, akacheka. "Huyu ni Bibi Nakaponda, yeye kila jambo anaanza na mwaka wa nzige." Akakiweka kando. Kingine: "Huyu anajisifu, ni Mwazembe." Aliwatambua watu kwa namna walivyosema, wengi wao wamekufa, na alipowataja sauti yake ililainika. Mimi nilipika chai, nikasikiliza, nikaona aibu upya kila alipocheka. Nilikuwa nimewafuta watu wote hao kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya tatu tukampata Mzee Nzunda. Alieleza upande wa chini wa shamba la Mama Edina vizuri kabisa, kutoka barabara hadi kwenye jiwe jeupe, na jinsi marehemu mumewe alivyopewa na baba yake, Nzunda mwenyewe akiona. Kisha, "Na upande wa juu, kuanzia pale kwenye mkuyu..." Baada ya hapo zilikuwa alama tupu zisizosomeka. Tulitafuta mwendelezo mpaka saa kumi jioni. Mafaili yangu ya seva yalikuwa yamekaa juu yake.

"Baba," nilimwambia, "Mama Edina mwenyewe anajua mpaka unapopita. Wewe pia unaamini ni kweli. Nichape mistari mitatu tu, hakuna atakayejua."

Aliniangalia, na pale ndipo nilipoona amekasirika. "Utachapa wewe, nami nitasimama barazani niseme ni Nzunda? Nimeandika mipaka ya familia zaidi ya themanini. Siku nitakayosoma neno moja la kutunga, zote themanini zimeharibika. Hapana, binti. Umeshafuta ya watu. Usianze na kuandika."

"Basi wewe hukumbuki alichosema?"

"Nakumbuka kidogo. Kidogo sikiapii."

Barazani nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu, nikaeleza nilichofanya, mbele ya yule shemeji aliyekuwa anatabasamu. Mzee Haonga alisoma kipande cha Nzunda hadi kwenye neno mkuyu, akakunja karatasi, akasema, "Baada ya hapa sina." Wazee walimwamini kwa sababu alikomea pale. Upande wa chini wakampa Mama Edina bila ubishi. Upande wa juu ulikosa shahidi, ukaenda kwa shemeji. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ofisi, nimejifunika uso kwa ile kanga.

Baada ya wiki mbili nilikwenda nyumbani kwa Mama Edina. Njia nzima nilijiandalia maneno. Nilimkuta akigeuza kahawa juu ya kichanja, akaacha kazi, akanipa kigoda, akaanza kunisalimu. Aliniuliza baba, mama, wadogo zangu mmoja mmoja. Aliuliza mahindi, aliuliza mvua ya Ileje, aliuliza kama yule ng'ombe wetu mweusi amezaa, maana alikuwa ameshapata habari zake kwa Mzee Haonga. Nilijibu yote. Alipomaliza, alinitengea viazi na maharage, ndipo akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Ile kahawa ya juu tuliipanda mwaka tuliooana. Yeye anachimba shimo, mimi naleta mche. Sikuambii haidhuru, mwanangu. Inadhuru. Asubuhi nikiamka naiona, na mtu mwingine anaichuma. Lakini nasikia ungeweza kusema ni umeme, na ungesema hivyo hata huku chini nisingepata. Kula."

Nilikula, mwanangu. Sijawahi kula chakula kigumu kama kile.

Sasa nakuambia wazi, ili usije ukasema hukusikia. Ukifika Msangano, kabla hujagusa diski, iwashe ile kompyuta kwa kila jina lililo kwenye orodha, uingie ndani ya kila mfumo uone nani anaishi humo. Mfumo mmoja hauoni vyumba vya mwenzake. Mashine ikikuandikia kwamba sehemu haijulikani, imekiri kwamba yenyewe ndiyo haijui, haijakuambia kwamba ni tupu. Nakili kila kitu kwenye diski nyingine, kisha ifungue hiyo nakala uhakikishe inasomeka, maana nakala usiyoifungua ni matumaini tu. Muulize mkuu wa shule, lakini muulize pia mwalimu wa zamu, na mama anayefagia ofisi. Onyo likitokea kwenye kioo, toa mikono kwenye kibodi ulisome hadi mwisho. Na mtu akija kukusalimu, simama. Mjibu habari za wazazi, za mahindi na za ng'ombe, hata kama gari linapiga honi, kwa sababu huwezi kujua jambo lake limekaa nyuma ya swali lipi. Ukiharibu, na siku moja utaharibu kwa kuwa ndiyo kazi yetu, sema mwenyewe kabla hujaulizwa, na usijaribu kuziba pengo kwa maneno ya kutunga.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kusoma mpaka mwisho na mikono isiyo na pupa, na kila nyumba utakayoingia na mkoba wako, wenyewe wafurahi siku wakikuona unarudi.